Usiku wa Saini: Miaka 50 ya SEWA

Mwaka 1974, katika mji wa Ahmedabad, magharibi mwa India, wanawake 15 walikesha wakijifunza kuandika majina yao. Siku ya pili yake walitakiwa kutia saini nyaraka za kusajili benki, na benki hiyo ilikuwa yao. Walitoka miongoni mwa wauza mboga, wauza nguo kuukuu, wabeba mizigo na washonaji wa majumbani. Mikono yao ilijua kupanga mafungu ya bilinganya, kutia kiraka, kuweka ngata sawa kichwani kabla ya kutwishwa furushi. Kalamu ilikuwa ngeni. Walirudia na kurudia hadi kila mmoja akaweza kulichora jina lake mwenyewe, na kulipokucha wakaenda kutia saini.

Chama kilichowafikisha pale kinaitwa SEWA. Ni herufi za mwanzo za jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili tungesema Chama cha Wanawake Waliojiajiri, nazo zikisomwa pamoja huwa neno lenye maana ya utumishi katika lugha kadhaa za India. Aprili 2022 chama hicho kilitimiza miaka 50. Kilianza na wanawake wa mji mmoja. Siku hizi wanachama wake wamepita milioni 2. Katika mwaka huohuo wa jubilei, tarehe 2 Novemba, mwanzilishi wake Ela Bhatt alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 89.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatuna upungufu wa semina za kumwezesha mwanamke kiuchumi. Ukumbi hukodiwa, mkufunzi huja na projekta, sambusa huliwa, na jioni kila mshiriki hurudi nyumbani na cheti. SEWA walipita njia nyingine. Waliwakabidhi wanawake jambo zito kwanza, kisha wakakesha nao hadi wakaliweza. Historia ya chama hiki ni historia ya kurudia jambo hilo kwa miaka 50: sokoni, benki, mahakamani na jangwani.

Kadi za wafanyabiashara

Ahmedabad ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Mwaka 1918 wafanyakazi wake waligoma wakiongozwa na Mahatma Gandhi pamoja na Anasuya Sarabhai, mwanamke wa ukoo wenye viwanda aliyesimama upande wa wafanyakazi dhidi ya ndugu yake mwenyewe. Kutokana na mgomo ule, mwaka 1920 kikazaliwa Chama cha Wafanyakazi wa Viwanda vya Nguo, kikawa miongoni mwa vyama vyenye nguvu nchini India. Kilikuwa na idara ya wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1954, lakini mwanamke aliyelengwa pale alikuwa mke wa mfanyakazi. Alifundishwa kushona na kazi nyingine za mikono, aongeze kidogo kwenye mshahara wa mumewe.

Ela Bhatt, mwanasheria kijana, aliingia katika chama hicho mwaka 1955. Mwaka 1968 akakabidhiwa idara ya wanawake. Wagujarati humwita mwanamke kwa jina lake na kuongeza “ben”, yaani dada, na ndivyo alivyojulikana hadi mwisho: Elaben. Kuanzia hapo macho yake yalianza kuwaona wanawake ambao hawakuwa wake wa mtu yeyote katika daftari la chama.

Mwaka 1971 walimjia wabeba mizigo wa soko la nguo. Walikuwa wahamiaji kutoka vijijini, wengine wakilala barabarani, na kazi yao ilikuwa kubeba marobota ya vitambaa kichwani kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla kwenda kwa wa rejareja. Walilipwa kwa safari. Robota liwe zito au jepesi, njia iwe fupi au ndefu, mfanyabiashara ndiye aliyejua atoe kiasi gani, na hapakuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha nani alibeba nini.

Bhatt akaandika makala katika gazeti la pale mjini akieleza hali yao. Wafanyabiashara wakakasirika, wakajibu kwa makala yao: haya ni uongo, sisi tunawalipa vizuri, na viwango vyetu ni hivi na hivi. Hapo walijifunga wenyewe. Idara ya wanawake ilivichukua viwango walivyovitaja, ikavichapisha kwenye kadi ndogo, ikawagawia wabeba mizigo. Tangu siku hiyo mwanamke aliyepunjwa alikuwa na karatasi ya kumwonyesha tajiri: maneno ni yenu, lipeni kama mlivyosema.

Habari zilisambaa haraka. Wakaja wauza nguo kuukuu, wanawake waliopita mitaani na vyombo vipya vya jikoni wakivibadilisha kwa nguo zilizochakaa, ambazo walizifua, wakazishona na kuziuza. Mwishoni mwa mwaka 1971 ulifanyika mkutano wa hadhara, na wanawake zaidi ya mia wakahudhuria. Katika mkutano ule ndipo lilipotoka wazo la kuwa na chama chao wenyewe.

Chama kisicho na mwajiri

Kusajili chama cha wafanyakazi kulikuwa na kikwazo ambacho mama lishe wa Kariakoo angekielewa mara moja. Ofisi ya kazi iliuliza: mwajiri wenu ni nani? Kama hamna mwajiri, mtadai haki kwa nani? Sheria ilimtambua mfanyakazi kwa kuitazama barua yake ya ajira. Mwanamke aliyeamka alfajiri, akanunua karoti kwa jumla, akaziuza barabarani hadi jioni na kulisha watu saba, kisheria hakuwa mfanyakazi. Alihesabiwa mama wa nyumbani.

Jibu la Bhatt lilikuwa kwamba chama hakiundwi ili kumpinga mtu. Kinaundwa ili wafanyakazi wawe kitu kimoja. Ubishi huo ulichukua miezi, na tarehe 12 Aprili 1972 SEWA ikasajiliwa.

Jina lenyewe lilikuwa hoja. Watu hawa walikuwa wakiitwa sekta isiyo rasmi, wasiojipanga, wa pembezoni. Kila jina lilisema wasichokuwa nacho. Bhatt alichagua neno linalosema wanachofanya: wamejiajiri. Anayejiita hivyo amekwisha kujitambua kuwa ana biashara, hata kama biashara hiyo inaenea kwenye kikapu kimoja.

Mwaka uliotangulia usajili huo, Bhatt alikuwa amekaa miezi mitatu katika chuo cha kazi na ushirika huko Tel Aviv. Alirudi na wazo ambalo liliibeba SEWA miaka yote iliyofuata: chama cha wafanyakazi na ushirika ni kama miguu miwili. Chama hudai haki, ushirika hujenga mali. Anayedai tu siku moja hufungiwa kazi akabaki mikono mitupu. Anayejenga mali bila kuweza kudai, mali yake huliwa na wenye nguvu.

Washona chindi waliligundua hilo kwa vitendo. Chindi ni vipande vya vitambaa vinavyobaki viwandani. Wanawake walivishona majumbani kuwa mifarishi, wakalipwa kwa kipande na wafanyabiashara waliowaletea malighafi. Walipojiunga na SEWA na kuomba malipo bora, wafanyabiashara waliacha kuwapa kazi. Chama kikatafuta chindi chenyewe, kikawapa washone, kikauza. Hapo ndipo ulipoota ushirika wa Sabina, mmoja wa ushirika wa mwanzo. Wanawake ambao hadi juzi walipokea kipande na kurudisha kipande, sasa walilazimika kujua bei ya malighafi, gharama ya usafiri na faida inayobaki. Walijifunza hesabu kwa sababu njaa ilikuwa mlangoni.

Maskini lakini wengi

Katika miaka ile muuza mboga wa Ahmedabad aliweza kuamka bila senti. Alikwenda kwa mkopeshaji akapewa rupia 50, akanunua mzigo, akauza, na jioni akarudisha rupia 55. Asilimia 10 kwa siku moja. Tanzania mikopo ya namna hiyo tunaiita kausha damu, na jina hilo lingewafaa hata wao. Vito vya mahari viliwekwa rehani, navyo mara nyingi havikurudi.

Serikali ya India ilikuwa imetaifisha mabenki makubwa mwaka 1969, na yaliagizwa kuwakopesha maskini. SEWA ikawapeleka wanachama wake huko. Mambo hayakwenda. Walifika na nguo za kazini na watoto mgongoni, katika saa ambazo soko limechangamka, wakakutana na karani asiyejua ashike vipi fomu ya mtu asiyeandika. Fedha zikitoka, nyumbani walisubiriwa na waume.

Mwishoni mwa mwaka 1973 suala hilo likaletwa mkutanoni. Chandaben, muuza nguo kuukuu, akauliza kwa nini wasiwe na benki yao. Akajibiwa kwamba benki inataka mtaji, nao ni maskini. Naye akarudisha jibu ambalo limebaki kuwa mali ya chama kizima: ni maskini kweli, lakini ni wengi. Zaidi ya miaka 30 baadaye Bhatt aliyafanya maneno hayo kuwa jina la kitabu chake kuhusu SEWA.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Wanawake 4,000 wakachanga rupia 10 kila mmoja. Ndipo ofisi ya msajili ilipotia shaka juu ya wanabenki wasiojua kusoma, na ukaja ule usiku wa saini. Mei 1974 benki ya ushirika ya wanawake ya SEWA ikasajiliwa.

Ilibidi benki yenyewe ijifunze kumhudumia mteja wake. Kwa kuwa wengi hawakuweza kutia saini, kila mwanachama alipigwa picha ameshika kibao chenye namba ya akaunti yake. Uso ukawa ndio saini. Wafanyakazi wa benki walizunguka sokoni na majumbani kukusanya akiba, kwa sababu muuza mboga hawezi kuacha mzigo wake juani ili akapange foleni. Akaunti ilikuwa ya mwanamke peke yake. Vito vilivyokuwa rehani kwa wakopeshaji vikaanza kukombolewa. Baadaye, mwanamke alipokopa kujenga au kununua nyumba, benki ilimhimiza hati iandikwe kwa jina lake.

Uamuzi wenye uzito kuliko yote ulikuwa wa nani akae kwenye bodi. Wajumbe wengi walikuwa viongozi wa kazi zao: wauzaji, washonaji, waviringisha sigara za bidi. Hawa ndio waliopitisha riba na kuamua nani akopeshwe. Kulikuwa na mameneja waliosomea kazi hiyo, ila mameneja walieleza na bodi ikaamua. Mwanamke aliyewahi kulipa asilimia 10 kwa siku hahitaji kuelezwa mara mbili riba ni nini. Anachohitaji ni kiti, na mtu wa kumsomea karatasi bila kumharakisha.

Mwaka wa kufukuzwa

Hadi mwaka 1981 SEWA iliishi chini ya mwavuli wa kile chama kikubwa cha viwandani. Mwaka ule Ahmedabad ulilipuka. Chanzo kilikuwa nafasi za vyuo vya udaktari zilizotengwa kwa Wadaliti, watu ambao mfumo wa matabaka uliwaweka chini kuliko wote. Watu wa matabaka ya juu waliandamana kuzipinga, Wadaliti wakashambuliwa. Wanachama wengi wa SEWA walikuwa Wadaliti. Bhatt akazungumza hadharani kuwatetea. Viongozi wa chama kikubwa, waliotaka kimya, wakaifukuza SEWA.

Kufukuzwa si jambo la kusherehekea siku linapotokea. SEWA ilipoteza ofisi, magari, na jina kubwa lililowafungulia milango. Wengi walitarajia ife. Haikufa, na sababu yake ilikuwa daftarini. Wanachama walikuwa na benki yenye fedha zao, na kamati za kazi zenye viongozi waliochaguliwa, na viongozi hao waliendelea kwenda sokoni asubuhi kama kawaida. Kama uongozi wote ungekuwa kichwani mwa Elaben na samani zote katika jengo la watu, chama kingeisha ndani ya wiki moja.

Miaka hiyohiyo viwanda vya nguo vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine, na wanaume maelfu kwa maelfu wakarudi nyumbani bila kazi. Kipato cha mke kilichokuwa kikiitwa nyongeza ndicho kikawa chakula.

Kamera, mizani na mahakama

Mwaka 1984 Mmarekani aitwaye Martha Stuart alikuja Ahmedabad na kamera za video. Aliendesha mafunzo ya wiki tatu kwa wanawake 20 wa SEWA, waliosoma na wasiosoma pamoja. Mmoja wao alikuwa muuza mboga, Lilaben Datania. Vitufe vya kamera vilikuwa na maandishi ya Kiingereza. Asiyesoma alivikariri kwa umbo na mahali pake, kama unavyokariri mawe ya mizani. Hao wakawa kikosi cha video cha chama, kikirekodi maisha ya wanachama na kuwaonyesha wakubwa wa ofisini mambo ambayo barua hazikuwahi kuwaonyesha. Fikiria afisa wa manispaa aliyezoea kumfukuza muuza mboga sokoni, siku anapomwona mwanamke yuleyule amesimama mbele yake na kamera begani.

Ugomvi na manispaa ulikuwa wa muda mrefu. Pale Manek Chowk, soko kongwe katikati ya mji, wanawake walikaa na vikapu vyao mahali walipokaa mama zao na bibi zao. Hata hivyo polisi waliwatoza faini, wakawapiga, wakamwaga mboga. Wamachinga wanaijua habari hiyo hadi mwisho. Mwaka 1982 SEWA iliipeleka kesi ya wauzaji hao katika Mahakama ya Juu ya India, na wauzaji wakapata ulinzi wa mahakama. Mapambano ya wauzaji wa barabarani katika miji mingi ya India, SEWA ikiwa mstari wa mbele, yalizaa sheria ya nchi nzima ya kuwalinda, iliyopitishwa mwaka 2014.

Katika haya yote, namna ya kumpata kiongozi ilikuwa moja. Kila kazi huchagua wawakilishi wake kutoka miongoni mwa wanaoifanya. Wawakilishi huunda baraza. Kila baada ya miaka mitatu huchaguliwa kamati kuu. Muuza mboga huanza kwa kuwasemea wenzake wa mtaa mmoja mbele ya askari. Akiliweza hilo, huwasemea mbele ya ofisi ya soko. Kisha hukaa katika kamati ambamo kuna mkulima, mwokota karatasi na mshona nguo, na hapo hugundua kwamba shida yake ina majina mengi. Kila ngazi ina jambo la kuamua na wenzake wa kumuuliza umeamuaje.

Waliosoma nao walikuwa na cha kujifunza. Renana Jhabvala, bintiye mwandishi wa riwaya Ruth Prawer Jhabvala, alijiunga mwaka 1977 baada ya masomo ya hisabati Marekani, akaanzia kazi kwa washona chindi. Reema Nanavaty aliacha utumishi wa ngazi ya juu serikalini, kazi inayoombewa na mamilioni ya vijana wa India, akaenda kufanya kazi vijijini. Wote wawili wakawa viongozi wakubwa wa SEWA. Kazi ngumu ya mtu wa aina yao ni kujua wakati wa kunyamaza kikaoni hata kama jibu analo.

Huko vijijini, katika wilaya kame ya Banaskantha, SEWA ilifika mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mradi wa maji ya bomba. Wanawake wakasema maji ni mema, lakini wanataka kazi. Walikuwa na ufundi wa kudarizi waliorithi kwa mama zao, na wakati wa ukame waliuza darizi za mahari yao kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi waliopita kijijini. Walichokosa ni soko na bei. Vikundi vikaundwa, na mwaka 2003 ikasajiliwa kampuni ambayo wenye hisa zake ni wadarizi wenyewe. Katika jangwa la chumvi la Rann Ndogo ya Kutch, familia za wavuna chumvi zilizokuwa zikimaliza faida yao yote kwa dizeli ya kuvuta maji ya chumvi zikasaidiwa kupata pampu za umeme wa jua.

Njia haikuwa nyeupe. Mtetemeko mkubwa wa Januari 2001 ulibomoa vijiji vya wanachama. Mwaka 2002 ghasia za kidini ziliikumba Gujarat, nao wanachama wa SEWA ni Wahindu kwa Waislamu, waliozoea kufungua mikutano yao kwa sala za dini zote. Mwaka 2005 uliibuka mvutano na serikali ya jimbo kuhusu mradi mmoja wa kuwainua waathirika wa tetemeko, SEWA ikajitoa.

Tena kuna mambo ambayo mtu hayaiti uongozi mpaka yakosekane. Muuza mboga akiugua wiki moja, mtaji huliwa na hospitali. Akijifungua, nafasi yake sokoni huchukuliwa. Asipokuwa na pa kumwacha mtoto, haji kwenye kikao, na asiyekuja kikaoni hachaguliwi. Kwa sababu hiyo SEWA ilianzisha vituo vya kulea watoto, msaada wa uzazi, na mwaka 1992 bima yake yenyewe, Vimo SEWA. Wafadhili wangeviweka hivi chini ya kichwa cha habari cha ustawi wa jamii. Kwa chama, ndivyo vilivyompa mwenyekiti nafasi ya kukaa kitini.

Ng’ambo ya Bahari ya Hindi

Mwaka 1975, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wanawake huko Mexico City, Bhatt alikutana na wanawake walioumwa na jino lilelile. Miongoni mwao alikuwamo Esther Ocloo wa Ghana, aliyeanza biashara akiwa msichana kwa shilingi chache, akitengeneza jemu ya machungwa na kuiuza, hadi akawa na kiwanda. Pamoja na Mmarekani Michaela Walsh na wengine, wakaanzisha mtandao wa kifedha wa wanawake, Women’s World Banking, uliosajiliwa mwaka 1979.

Mtandao huo ulifika Nairobi. Mwaka 1981 wanawake wa Kenya, akiwamo Mary Okelo, aliyekuwa meneja wa kwanza mwanamke wa tawi la benki nchini humo, wakaanzisha Kenya Women Finance Trust. Mwongo mmoja baadaye taasisi hiyo ilikabidhiwa kwa Jennifer Riria, na mwaka 2010 ilipata leseni ya Benki Kuu ya kupokea amana. Mama mboga wa Kenya na mwenzake wa Manek Chowk huenda wasijue kwamba historia zao zimewahi kushikana mikono. Mwaka 2002, SEWA ikiwa miongoni mwa waliosukuma jambo hilo, shirikisho la kimataifa la wauzaji wa barabarani, StreetNet, lilizinduliwa Durban, Afrika Kusini. Miaka mitano baadaye Nelson Mandela alipoliunda baraza lake la Wazee, Ela Bhatt alikuwa mmoja wao.

Maswali 11

SEWA ina desturi ya kujipima kwa maswali 11. Huulizwa baada ya mradi, baada ya mwaka, baada ya miaka 10. Je, kazi imeongezeka? Kipato kimeongezeka? Chakula ni bora zaidi? Afya? Malezi ya watoto yamepatikana? Makazi yamekuwa bora? Mali iliyo kwa jina la mwanamke imeongezeka? Umoja wa wanachama umepata nguvu? Uongozi wao umekua? Wanajitegemea, mmoja mmoja na kwa pamoja? Na la mwisho: wamejifunza kusoma na kuandika?

Utaratibu wa maswali hayo unastahili kuangaliwa. Uongozi ni swali la 9, na yaliyoutangulia ni kazi, sahani, zahanati, paa na hati ya nyumba. Kusoma na kuandika ni swali la 11. Katika nchi zetu tungeanza na hilo. Tungesema mwanamke huyu kwanza asome, kisha afundishwe ujasiriamali, kisha apewe cheti, halafu tuone kama anafaa kuwa mweka hazina. SEWA hawakudharau kusoma, wamefundisha maelfu. Walikataa tu kukufanya kuwe mlango ambao wengine wote wangebaki nje yake. Wale wanawake 15 waliandika majina yao kwa sababu tayari walikuwa na benki ya kuisajili.

Vikundi vyetu vya akiba, kuanzia Pemba hadi Kisumu, vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Ni mpango mzuri wa kulinda fedha. Lakini tazama kikundi chochote kilichodumu miaka sita au saba uone funguo ziko kwa nani: mara nyingi ni walewale, mwalimu mstaafu, mke wa mchungaji, mwenye duka. Mwanamke anayeuza dagaa huketi nyuma karibu na mlango, hutoa hisa zake, hutikisa kichwa muhtasari ukisomwa, hurudi nyumbani. Hajawahi kukosa kikao wala rejesho.

Kikao kijacho, ufunguo mmoja aondoke nao yeye.